Barua ya Mama Sayi Mnayoinakili

Vijana wangu wa bima, mkinikuta pale stendi ya Kahama nakunywa chai mnaniamkia vizuri, shikamoo mzee, nami naitika marahaba kwa moyo mweupe. Kisha hamchelewi. "Mzee, kuna mteja wangu kakataliwa fidia, nifanyeje?" Chai inapoa nikiwa naeleza. Nimeona niyaandike mara moja, mkisoma mniache ninywe.

Nilikuwa dalali wa bima. Dalali ni mtu wa mteja, si mtu wa kampuni, na wengi wenu mmeanza kulisahau hilo. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kumtafutia mteja bima, na nusu ya pili ilikuwa kubishana na kampuni pale inapokataa kulipa. Duka likiungua, ghala la pamba likiezuliwa, karasha ya kusaga mawe ya dhahabu ikimkata mpita njia mkono, mimi ndiye niliyekimbia na faili kwapani. Kati ya Shinyanga na Geita sijui vumbi gani sijalimeza.

Niwape lenye faida kwanza. Kampuni ikikataa kwa simu, hiyo haijakataa. Ombeni barua. Ikija barua isiyotaja kipengele, irudisheni, waulizeni ni kipengele namba ngapi cha mkataba kinachowapa haki ya kukataa. Nusu ya wanaokataa hawana namba, na wakianza kuitafuta wanapata aibu, wanalipa. Aliyenifundisha hayo ni Bwana Maduhu, mtu mrefu mkimya aliyevaa koti la suti hata jua likiwa la kupasua kichwa. Siku yangu ya kwanza alinipa hati ya bima nisome. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Akaichukua, akaigeuza, akanirudishia.

"Mbele wanakuuzia," akasema. "Nyuma ndiko wanakokunyima. Anzia huko."

Tangu hapo nasoma mikataba kama wapenzi wa michezo wanavyosoma gazeti, kuanzia nyuma.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja kule Songwa, wezi walimwingilia kwa kufumua bati la paa. Asubuhi yake mvua ikaanza, na yeye kama binadamu yeyote mwenye akili akaita fundi, bati likapigwa jipya. Mkadiriaji wa kampuni alipofika siku nne baadaye, akatazama paa zima, akaandika: hakuna dalili ya kuvunja. Madai yakakataliwa. Mimi nikaenda kumtafuta fundi, nikamkuta kwake, nikamwuliza lile bati la zamani alilipeleka wapi. Akacheka, akanionyesha banda la kuku. Bati letu lilikuwa juu ya kuku, limekunjwa kwa mtarimbo vile vile. Nilipanda basi la kwenda Mwanza na bati lile miguuni, kondakta akanitoza kama mzigo, na kampuni ikalipa. Fundi naye akanidai bati jipya la banda, nikamnunulia.

Na niliharibu pia. Nilipokuwa kijana nilikasirishwa na kampuni moja iliyomkatalia mama muuza vitenge, nikakaa kwenye mashine ya taipu nikaandika kurasa kumi na moja za hasira. Jibu likaja mstari mmoja: barua yako tumeipokea. Nikampelekea Bwana Maduhu.

"Ulipoandika ulipata nafuu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na mteja wako?"

Sikuandika tena barua ya hasira. Zilizofuata zilikuwa fupi, baridi, zenye namba za vipengele, na ndizo zilizonipa jina. Mojawapo mnaijua wote. Mnayo kwenye kompyuta zenu, mnabadilisha majina na tarehe, mnaituma. Iliandikwa kwa ajili ya Mama Sayi, na ndiyo sababu halisi ya mimi kukaa kuandika haya.

Mama Sayi alikuwa mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Nyahanga. Mashine moja, ghala moja, uwanja wa kuanikia, na mdomo ambao wateja waliufuata kutoka mbali, maana alitania kila mtu na hakumfukuza mtu. Mkulima akija na magunia arobaini akitaka ayaweke mpaka bei ipande, Mama Sayi anasema ingiza. Ghala likijaa, anasema panga juu. Bima yake niliikata mimi. Moto na wizi nilimweleza vizuri, nikakaa naye karibu saa nzima. Tulipofika kwenye bima ya dhima, ile inayolipa mtu wa nje akiumizwa na biashara yako, mashine ilikuwa inanguruma na wateja wanamwita. Akaweka kidole kwenye kipengele kirefu akaniuliza hiki kinasemaje.

"Hayo ni maneno ya kampuni tu, Mama Sayi," nikamwambia. "Weka sahihi hapa."

Kipengele kile kilisema kwamba mwenye bima asikiri kosa, wala asiahidi malipo yoyote kwa mtu aliyeumia, bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Nilikijua. Nilikuwa nimekisoma kuanzia nyuma, kama nilivyofundishwa. Nilimnyima maelezo yake kwa sababu nilikuwa na njaa nataka kwenda kula, na hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuwapa.

Masika ile mvua ilinyesha mfululizo. Magunia ndani ya ghala yalikuwa yameegemea ukuta, na ukuta umelowa kutoka chini. Mkulima mmoja, Lugwisha, wa kijiji cha upande wa Kharumwa, alikuwa ameleta mpunga wake akawa anasubiri zamu, amekaa nje juu ya gunia lake mgongo ukiwa ukutani. Ukuta ukaangukia nje. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Mama Sayi alinipigia simu kabla hata ya kumpigia mwanawe. Nikafanya yote yanayotakiwa, na hapa naomba mniamini. Nikamwambia asifagie kitu. Nikaenda, nikapiga picha za tofali na magunia, nikaita polisi, nikaandikia kampuni siku ile ile. Faili lilikuwa safi. Bwana Maduhu angekuwa hai angelisifu.

Siku ya mazishi Mama Sayi akaniomba nimsindikize, maana kwenda peke yako kwenye msiba wa mtu aliyefia kwako ni jambo gumu. Tulikwenda na pikapu ya kukodi. Nyuma kulikuwa na magunia ya mchele, dume moja la kuchinjwa msibani, na mtamba mwenye mimba. Mtamba yule alimchagua mwenyewe kwenye mnada. Alisema Lugwisha ameacha watoto wadogo, watahitaji maziwa.

Tulipofika akavua viatu. Wazee walikuwa wamekaa upande wao na wanawake kwenye mikeka. Akaenda katikati akapiga magoti mbele ya Mzee Ng'wandu, baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa msemaji wa ukoo.

"Baba," akasema, "ukuta ulikuwa wangu. Magunia niliyapanga mimi. Niliona ufa nikasema kesho. Kosa ni langu, sina pa kulificha. Sitawaacha watoto hawa."

Mzee Ng'wandu akasema, "Mayu, mama yetu, tumesikia." Kisha Minza, mjane wa Lugwisha, akainuka mkekani, akaja akamshika Mama Sayi mkono, akamkalisha pembeni yake. Walilia pamoja wale wanawake wawili mpaka jirani mmoja akawaletea maji.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kofia mkononi. Mwasema nilifikiria kipengele? Hata kidogo. Nilijisikia fahari. Nilijisemea moyoni, huyu mama kalelewa. Kwetu mtu akifia mkononi mwako ukijificha, watoto wako na watoto wake hawatapeana maji ya kunywa. Mama Sayi alikuwa amelimaliza lile jambo kwa magoti mawili, na mimi Msukuma nikafurahi kama Msukuma. Yule dalali wa bima nilikuwa nimemwacha Kahama.

Zamani ingeishia pale. Lakini siku hizi hakuna msiba usio na simu. Mtu wa ukoo alikuwa anarekodi, kwa nia njema kabisa, ndugu walio mbali waone. Ile video ikazunguka kwenye makundi, na mpelelezi wa kampuni akaipata bila jasho.

Barua ya kukataa ilikuja na namba ya kipengele. Nilitamani isingekuwa nayo. Mwenye bima alikiri kosa na kuahidi malipo bila idhini yetu, hivyo kampuni haiwajibiki. Nikampelekea Mama Sayi, nikamtafsiria neno kwa neno, safari hii bila haraka.

"Kwa hiyo ningewadanganya wafiwa, wangenilipia?" akauliza.

"Ungekaa kimya, Mama."

"Nikae kimya msibani? Nile ugali wao nimekaa kimya?"

Akatazama mashine yake. "Basi nitaiuza," akasema. "Niliahidi mbele za watu."

Mwelewe kilichokuwa hatarini. Mashine ile ndiyo ilikuwa maisha yake yote, aliijenga baada ya kumzika mumewe, na kwa hali iliyokuwa nayo isingepata mnunuzi wa maana. Ingeuzwa kama chuma, naye angebaki hana kitu, na watoto wa Minza wangepata kidogo tu. Kampuni ikilipa, wote wawili wanapona. Ndivyo nilivyoliona, na hata leo kwenye karatasi sioni nilipokosea hesabu.

Nikapinga. Nikaieleza kampuni kwamba kwa mila zetu mwenye eneo la ajali huja msibani kujishusha. Wakajibu kwamba maneno "kosa ni langu" ni Kiswahili fasaha. Nikalipeleka shauri kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, na usiku na mchana nikawa nawaza nitaivunjaje ile video. Ndipo nikaipata njia, na nilipoipata nilipiga meza kwa furaha.

Njia ilikuwa hii. Mama Sayi aape mbele ya wakili kwamba maneno yake yalikuwa pole ya kimila, hayakuwa kukiri wala kuahidi malipo. Na wafiwa wenyewe watie sahihi mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba walivyoyaelewa ndivyo hivyo, na kwamba hawakuwahi kumhesabu kuwa amekiri. Walioambiwa wakisema hawakuambiwa, kampuni itashika nini? Niliandika ile barua na viambatanisho vyake kwa siku mbili. Hiyo ndiyo mnayoinakili. Ni nzuri. Najua ni nzuri, msinieleze.

Mama Sayi alisoma kiapo polepole, midomo ikicheza.

"Baba Kulwa," akasema, "hapa unasema sikusema nilichosema."

"Ni lugha ya kisheria. Wenyewe wanajua ulichosema."

"Watanielewa?"

"Watakuelewa, Mama. Fidia si yao?"

Akatia sahihi. Akaharibu karatasi moja, tukachapa nyingine.

Tukarudi kijijini. Walitupokea vizuri mno. Minza alikimbia kumpokea Mama Sayi mkoba, wakaenda zizini kumwangalia mtamba, ambaye alikuwa amezaa ndama jike, na watoto wakamwita Mama Sayi bibi. Mzee Ng'wandu akaita wazee watatu pamoja na mtendaji. Nikavaa miwani nikasoma.

Nilipomaliza Mzee Ng'wandu akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akamgeukia Mama Sayi.

"Mayu, siku ile ulisema kosa ni lako, au hukusema?"

Mama Sayi akanitazama mimi. Nilijua akijibu ukweli pale mbele ya mtendaji, faili limekufa. Nikamjibia.

"Alitoa pole, mzee."

"Sikukuuliza wewe, bhabha."

"Ndiyo, mzee, lakini ndivyo ilivyo. Alitoa pole."

Mama Sayi akainamisha kichwa. Mzee akasubiri, na alivyoona hakuna neno linalokuja akanyoosha mkono apewe kalamu. "Tutasaini," akasema. "Watoto wanataka kula, na mimi sina ng'ombe wa kuwasomesha." Wakasaini mmoja mmoja. Minza akaweka dole gumba, akajifuta wino kwenye khanga, bila kumtazama mtu.

Nilikuwa nakunja karatasi zangu mzee aliposema tusiondoke kwanza. Akazungumza na Minza Kisukuma, taratibu tu. Minza akaenda zizini, akamfungua mtamba, akaja naye akimvuta kwa kamba, ndama akifuata nyuma.

"Huyu," akasema Mzee Ng'wandu, "aliletwa na mtu aliyekiri. Tulimpokea kwa sababu hiyo. Leo tumetia sahihi kwamba mtu huyo hakuwepo. Sasa ng'ombe huyu hatujui ni wa nani, na mimi siwezi kukaa na mnyama nisiyejua katokea wapi. Mchukueni."

"Baba, ni maziwa ya watoto!" Mama Sayi akapiga kelele. "Baba, mwacheni!"

"Fedha mtaleta, tutapokea, ni haki yao," mzee akasema. "Lakini huyu mchukueni."

Mama Sayi akamgeukia Minza. Minza akamwekea kamba mkononi, akavifunga vidole vyake juu yake, kama unavyompa mtu kitu alichosahau kwako. Akaingia ndani.

Tulirudi na ng'ombe na ndama kwenye pikapu, mimi nimekaa mbele na dereva, Mama Sayi akikataa kukaa mbele. Alisimama nyuma njia nzima ameshika kamba. Nilikuwa nimeshinda, vijana wangu, na nilijua nimeshinda. Niliona aibu kiasi kwamba nilimwomba dereva awashe redio.

Kampuni ilisalimu amri hata kabla ya siku ya kusikilizwa. Walilipa familia moja kwa moja, na mashine ikabaki kwa Mama Sayi. Mawakala na madalali wakaja kuniomba nakala ya barua, nikawapa, wakawapa wenzao, mpaka ikawafikia ninyi. Mkiitumia mahali ambapo mteja alikuwa ametoa pole tu, itumieni, ina haki yake. Lakini nimesikia mnaituma hata pale ambapo mtu alipiga magoti. Mnakwenda na wino wenu vijijini kuwafanya watu wafute kwa dole gumba jambo pekee lililowatuliza, na mnarudi mnachekelea kama nilivyopiga meza mimi. Sijui niwafundishe nini hapo. Nimelifikiria miaka, nimetafuta barua nyingine ambayo ingeokoa mashine na isimguse Minza, na sijaipata. Ningemweleza kipengele siku ile ya kwanza, basi angekwenda msibani akakaa kimya, na wangemchukia tangu siku hiyo. Hakuna nilipoona mlango.

Watu wa kijiji kile hawaleti tena mpunga Nyahanga. Hawakusema neno baya, wanapita tu na magunia yao kwenda mashine ya mbele. Mama Sayi alipunguza utani, kisha akauacha.

Mwaka ulipopita alikuja ofisini kwangu, akakaa kiti cha wateja.

"Baba Kulwa, nataka nirudi kwa Mzee Ng'wandu nikaseme tena. Lile lile nililosema."

Nikamweleza. Kiapo ni kiapo. Akisema tena, mtu atarekodi, kampuni itaona tuliidanganya, itazidai fedha zake. Na zile fedha zimekwisha kuwa bati juu ya nyumba ya Minza na ada ya watoto. Yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa kuapa uongo, na mimi pamoja naye.

"Hata kwa faragha?"

"Mzee wa ukoo hana faragha, Mama. Atawaita wenzake."

"Kwa hiyo nikae hivi mpaka nife."

Nikayapanga upya mafaili mezani.

"Na nikikutana na Minza sokoni? Nimwambie nini?"

Nikafikiria kile kipengele, neno kwa neno, kuanzia mwisho wake kurudi mwanzo. Nilitaka nimpe jibu salama.

"Mwambie pole," nikasema. "Pole inaruhusiwa."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Miaka yote tuliyofahamiana, ilikuwa mara ya kwanza kutoniaga.